Kangaga na Mvua ya Alasiri

Leo naomba tuzungumze juu ya mmea ambao kila mtu wa Kericho na Bomet ameupita njiani, ameufyeka shambani, na pengine amekata majani yake kupambia ukumbi wa arusi, lakini ni wachache waliowahi kujiuliza unazaaje. Nazungumzia kangaga.

Ukitoka Kericho mjini kwenda Litein, au ukizunguka Mogogosiek na Kimulot, utaona kwamba kila mahali barabara ilipochimbwa ili ipite kilimani, ule ukingo wa udongo mwekundu uliobaki kando umejaa makangaga. Juu ya ukingo kuna majani chai, mstari kwa mstari, kila mche umepandwa kwa mkono na umelipiwa. Makangaga hayakupandwa na mtu. Yamejileta. Yamejiletaje, ikiwa kangaga halitoi ua, halizai tunda, wala halina mbegu hata moja?

Swali hili ni la zamani. Huko Ulaya liliwasumbua watu kwa karne nyingi. Waliona mimea mingine ina mbegu, wakakata kauli kwamba kangaga nalo lazima linayo, ila haionekani kwa macho. Na kwa kuwa haionekani, ikaaminika kuwa atakayeipata na kutembea nayo naye hataonekana. Hata Shakespeare aliigusia imani hiyo katika tamthilia ya Henry IV.

Sisi tuanze na jani lenyewe. Kesho asubuhi chuma jani la kangaga lililokomaa, uligeuze uangalie upande wa chini. Utaona vidoa vya rangi ya kahawia vimepangwa kwa utaratibu. Katika kangaga moja ni mviringo, katika jingine ni mistari, katika jingine vimefuata pembezoni mwa jani. Watu wengi hudhani ni ugonjwa au mayai ya wadudu. Wako wanaovikwangua kwenye makangaga ya varanda wakiamini wanayatibu. Naomba wasifanye hivyo tena, kwa sababu kila kidoa ni kundi la vifuko vidogo sana, na ndani ya kila kifuko, kwa makangaga mengi, mna spora 64. Idadi hiyo ina asili yake: seli 16 za ndani ya kifuko hugawanyika mara mbili mbili, kila moja ikatoa nne, na katika mgawanyiko huo kila spora hubaki na nusu tu ya kromosomu za mmea uliozizaa. Ishikeni hiyo nusu, tutairudia.

Spora moja ni chembe ya vumbi. Ukizipanga 20 kwenye mstari hazitimizi milimita moja. Haina kijusi ndani yake, haina akiba ya chakula ya kutosha kulea mche, haina ganda nene lenye tabaka kama la mbegu ya mahindi au maharagwe. Ni seli moja iliyovikwa koti gumu. Ndiyo maana tunasema si mbegu.

Sasa oneni kifuko kinavyozirusha. Hapa ndipo mimi hushikwa na mshangao kila ninapolifikiria jambo hili. Mgongoni mwa kifuko kuna safu ya seli kama 12 hivi zilizokizunguka zaidi ya nusu. Kila seli ina kuta nene ndani na pembeni, lakini ukuta wake wa nje ni mwembamba, na tumbo lake limejaa maji. Jua likipanda na hewa ikikauka, maji yanatoka kupitia ule ukuta mwembamba. Seli zinanywea, safu nzima inajikunja kinyumenyume, kifuko kinapasuka upande wa mbele na kufunguka polepole, huku kimebeba spora zake hadi nyuma kabisa. Ni manati iliyovutwa. Maji yaliyobaki ndani ya seli yanazidi kuvutwa mpaka yanaelemewa. Mapovu yanatokea ghafla, mvuto unakatika, na mkono wa manati unarudi mbele. Spora zinatoka kwa mwendo unaokaribia mita 10 kwa sekunde, kutoka kwenye kifaa usichoweza kukiona vizuri bila lenzi.

Watafiti waliopiga picha za kasi za tukio hili na kulieleza mwaka 2012 katika jarida la Science walionyesha jambo jingine la ajabu zaidi. Mkono unaorusha lazima usimamishwe katikati ya safari yake, la sivyo kitu kinachorushwa hakitoki, kinarudi nao hadi mwanzo. Watu waliounda mitambo ya kurushia mawe vitani waliweka boriti ya kuuzuia. Kifuko cha kangaga hakina boriti. Kinasimamishwa na majimaji yaliyomo ndani ya kuta za seli zenyewe, ambayo hayawezi kupenya haraka kama mkono unavyotaka kwenda. Safari ya kwanza ya mkono ni ya kasi isiyoonekana kwa jicho, halafu unakwama, spora zinaruka, na safari iliyobaki inamalizika taratibu. Seli kama 12 zimefanya kazi ya springi, ya kufuli na ya breki.

Kumbukeni sasa siku yetu ya Kericho inavyokwenda. Asubuhi ukungu, kisha jua kali kuanzia saa tatu au saa nne. Hiyo ndiyo saa ya manati. Halafu, kuanzia saa nane hivi, mawingu yanajikusanya kati ya Ziwa Viktoria na milima ya Mau, na alasiri mvua inashuka, mara nyingine ya mawe. Kangaga linahitaji vyote viwili. Linahitaji ukavu ili kurusha spora, na linahitaji maji ili kupata mtoto. Sehemu nyingi duniani mmea huu unangoja msimu ubadilike. Kwetu, kwa miezi mingi ya mwaka, unapata yote mawili kati ya kifungua kinywa na chai ya jioni. Sijui kama mtu angeketi kupanga hali ya hewa kwa ajili ya makangaga angepanga vizuri zaidi.

Spora nyingi zinapotea. Zinaanguka juani, mtoni, katikati ya barabara. Lakini kwa kuwa ni nyepesi hivyo, chache zinabebwa na upepo mbali mno. Kisiwa cha Krakatau kule Indonesia kilipolipuka mwaka 1883 na kufunikwa na majivu ya moto, mtaalamu wa mimea Melchior Treub alikifikia mwaka 1886 na kukuta makangaga ya aina 11 yameshatangulia, yamevuka bahari. Kwa hiyo ukingo mpya wa barabara uliochimbwa na tingatinga huko Konoin si safari ya kuzitisha spora. Udongo uko wazi, hauna nyasi za kugombania nafasi, umeinama kiasi kwamba majani makavu hayaufuniki, na unachuruzika maji muda wote.

Spora ikitua hapo, inanyonya maji, koti linapasuka, na inaota. Lakini haioti kangaga.

Hapa naomba utulivu, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea, na wataalamu wenyewe walipotea kwa muda mrefu. Kinachoota ni kijimmea kingine kabisa. Ni bapa, chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho cha mtoto. Hakina shina, hakina mishipa ya kupitishia maji, hakina mizizi ya kweli bali vinyweleo tu vinavyokishikiza kwenye udongo. Sehemu yake kubwa ina unene wa seli moja peke yake. Ukikiinua dhidi ya mwanga unaona ng'ambo. Wataalamu wanakiita gametofiti. Ukipita ukingoni utadhani ni doa la ukoga. Kinajitegemea lakini: kina rangi ya kijani, kinajitengenezea chakula chake kwa mwanga, na kinaishi maisha yake pale kwa wiki au miezi. Kila seli yake ina ile nusu ya kromosomu niliyowaomba mwishike.

Na ni hiki, si lile kangaga kubwa, chenye jinsia. Upande wake wa chini, uliolalia udongo, kuna vichupa vyenye yai moja moja, karibu na pale panapoingia ndani kama sehemu ya juu ya moyo. Na kuna vifuko vya duara vinavyotengeneza chembe za kiume. Chembe hizo zimejiviringa na zina mikia mingi, na zinaogelea. Nasema zinaogelea kwa maana yake halisi. Mvua ya alasiri ikiacha utando wa maji kati ya kijimmea na udongo, vifuko vinapasuka, chembe za kiume zinatoka na kupiga mbizi kuelekea vichupani. Haziendi kwa kubahatisha. Mwaka 1884 Mjerumani Wilhelm Pfeffer aligundua kwamba zinavutwa na asidi ya maliki, ileile inayolipa tufaha bichi ukali wake. Bila huo utando wa maji hazitembei hata kidogo. Mahindi yana upepo, kahawa ina nyuki, chai ina wadudu wake. Kangaga lina maji tu, na maji yenyewe hayahitaji kuwa mengi kuliko umande unaotosha kulowesha ncha ya kidole.

Chembe moja ikiingia kichupani na kukutana na yai, nusu na nusu zinakuwa kamili. Hapo ndipo kangaga tunalolijua linaanza, likiwa bado limekaa ndani ya mwili wa kile kijimmea, likinyonyeshwa nacho. Linatoa mzizi wa kwanza, halafu jani la kwanza lisilozidi ukubwa wa punje ya mchele, kisha kijimmea mzazi kinanyauka na kuisha. Basi kangaga lina miili miwili inayopokezana: mkubwa unaozaa spora bila ndoa, na mdogo unaofunga ndoa. Wewe huoni mimba, huoni harusi, unaona tu wajukuu barabarani.

Kwa ajili ya anayependa historia: aliyeonyesha kwa uwazi kuwa lile vumbi la kahawia huota alikuwa daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Jamaica, John Lindsay. Alilipanda chunguni, akalifuatilia kwa hadubini, na taarifa yake ikachapishwa London mwaka 1794. Lakini aliyeiunganisha hadithi yote, ya miili miwili, si ya makangaga tu bali ya ukoga wa mawe hadi misonobari, ni Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, mwaka 1851. Alikuwa na umri wa miaka 27, hakuwa amesomea shahada yoyote, alifanya kazi kwenye biashara ya baba yake ya kuchapisha muziki, na alikuwa haoni mbali. Alichunguza mimea saa za alfajiri kabla ya kazi. Nawatajia huyu kwa sababu shule zetu bado zinawaaminisha vijana kwamba bila maabara kubwa hakuna sayansi. Kitu alichokuwa nacho Hofmeister kilikuwa hadubini moja na subira.

Sasa tuingie malishoni, kwa sababu najua wafugaji wa Kipkelion na Bomet Mashariki wananingoja. Lipo kangaga gumu, refu, linaloota kwa wingi mahali msitu ulipochomwa na ng'ombe wakalishwa. Jina lake la kitaalamu ni Pteridium aquilinum. Hili limejua njia mbili. Chini ya ardhi lina mashina yanayotambaa kila upande, moto hauyafikii, jembe likiyakata kila kipande kinachipua. Kwa hiyo unalifyeka leo, mwezi ujao limerudi. Lakini lilifikaje pale mara ya kwanza? Kwa spora. Na mwaka 1950 mtafiti wa Kijerumani, Walter Döpp, aliona kwenye kangaga hilihili jambo ambalo bado linanishangaza: kijimmea cha kwanza kukua kikifika utu uzima kinakuwa na mayai, kisha kinamwaga kwenye maji ya udongo kemikali inayowaambia wenzake wadogo waliochelewa wawe madume. Wadogo hao wanatengeneza chembe za kiume haraka, kabla hata hawajakua. Ndivyo kundi la vijimmea ukingoni linavyopata wazazi wa pande zote mbili badala ya kila mmoja kujioa mwenyewe, jambo ambalo nalo linawezekana na hutokea pale spora moja inapotua peke yake.

Mfugaji, usiliache kangaga hilo likawa chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi nyasi zinapoisha. Lina sumu. Ng'ombe anayelila kwa muda mrefu anaweza kuanza kukojoa damu na kupata saratani ya kibofu, na sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Machipukizi yake machanga, yale yaliyojikunja, ndiyo makali zaidi. Ukiona mkojo mwekundu, mwite afisa wa mifugo, usimwachie jirani mwenye sindano.

Nimetaja kujioa mwenyewe, basi nigeukie kidogo majani chai, maana pana jambo la kulinganisha. Mchai ni mmea wa maua, unatoa ua jeupe zuri lenye kitovu cha manjano, unazaa mbegu. Mbegu ndizo zilizoletwa Limuru mwaka 1903, na mashamba ya zamani ya Kericho yaliyoanza miaka ya 1920 yalipandwa kwa mbegu. Lakini Taasisi ya Utafiti wa Chai, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye makao yake hapa Kericho, ikishirikiana na wakulima, imetuzoesha njia nyingine: unachagua mchai bora, unakata kipande cha tawi chenye jani moja, unakichomeka kwenye mfuko wa nailoni, unakifunika, kinatoa mizizi. Kila mche ni nakala ya mama yake. Aina ya TRFK 6/8, inayopendwa kwa ubora wa kikombe chake, imeenea milima hii yote, na katika shamba lake mche wa mwanzo na mche wa mwisho ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Faida zake tunazijua: mavuno yanalingana, ladha inalingana. Hasara yake nayo tunaijua: ugonjwa unaomuweza mmoja unawaweza wote. Kwa hiyo kwenye ukingo uleule, mmea wenye maua na mbegu unaongezwa bila ndoa, na ule usio na ua wala mbegu unafunga ndoa kila mvua inaponyesha na kuzaa watoto wasiofanana. Hilo linapaswa kutufanya tusiuite mmea wowote wa kale au duni.

Hata hivyo yapo makangaga yanayojiongeza kwa nakala pia. Katika misitu yetu ya kivuli liko Tectaria gemmifera, ambalo majani yake huota vinundu. Kinundu kikianguka penye unyevu kinakuwa mche. Yako ya jamii ya Asplenium ambayo ncha ya jani ikigusa ardhi inatoa mtoto pale pale. Na lipo Pteris cretica, linalomea pia katika nyanda zetu za juu. Kijimmea chake hakingoji maji wala ndoa, mtoto anachipuka moja kwa moja kutoka kwenye mwili wake. Farlow, Mmarekani aliyekuwa akisomea Ujerumani, aliligundua hilo mwaka 1874. Makangaga ya sehemu kavu, kwenye miamba, mengi hufanya hivyo. Mahali ambapo mvua si ya kutegemewa, yamefuta ile hatua inayoidai.

Wenye vitalu vya chai, ninyi mna darasa lenu bila kujua. Tazameni juu ya udongo wa ile mifuko ya nailoni, hasa iliyokaa kivulini na kumwagiliwa sana. Mtakuta kitu cha kijani, bapa, kinachotambaa na kugawanyika mapande, kimebana udongo mpaka maji hayapenyi vizuri. Mnakibandua na kukitupa, na mko sahihi. Lakini kabla ya kukitupa, kisogezeni karibu na macho. Mkikuta ni mmea uitwao marikantia, mtaona vikombe vidogo juu yake, na ndani ya kila kikombe vidonge bapa vya kijani. Tone la maji likidondokea kikombeni, vidonge vinarushwa kando, kila kimoja kinaanza maisha mapya mfuko wa jirani. Kopo lenu la kumwagilia ndilo linalowasambazia magugu. Mmea huo una dume na jike waliotengana pia, kila mmoja na vimwavuli vyake, na chembe zake za kiume nazo zinaogelea.

Na ule ukoga laini, wenye vijani vidogo vidogo, unaovaa mawe na mashina ya miti mtoni? Huo umeligeuza jambo. Kwake mwili mnaouona, ule wa kijani, ndio wenye jinsia. Mwili unaozaa spora ni kile kijiti chembamba chenye kichwa kinachosimama juu yake, na hakiachani na mama mpaka kinakufa. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vidudu vidogo vya ardhini huzibeba chembe za kiume za ukoga kutoka shina hadi shina, kazi ileile nyuki wanayoifanya kwenye maua. Nalitaja kwa haraka, linastahili siku yake.

Mtu anaweza kusema, hawa ni mabaki ya enzi zilizopita. Ni kweli ukoo wa makangaga una zaidi ya miaka milioni 350, kabla ya ua la kwanza. Lakini makangaga mengi tunayoyaona leo si mabaki. Aina zaidi ya 10,000 ziko duniani, na utafiti uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa nyingi zilitokea baada ya miti yenye maua kutanda, ndani ya kivuli chake. Zilijifunza kuishi chini ya dari la wengine. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba chombo kimoja cha kuhisi mwanga hafifu yalichonacho makangaga kilitoka kwa mmea mwingine kabisa, ndugu wa huo ukoga, jeni ikivuka kutoka ukoo hadi ukoo. Hao si watu wa kuonewa huruma kwa ukongwe wao.

Kinachonitia wasiwasi ni ukingo wa mto. Kwenye mabonde ya Itare na Kiptiget, na ndani ya msitu wa Mau Kusini Magharibi, kuna kangaga linalosimama kama mti, shina jeusi lenye miiba, mita 6 na zaidi kwenda juu, majani yametandazwa kileleni. Ni Cyathea manniana. Dunia nzima jamii hii iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama pori kati ya nchi, kwa hiyo kuivusha mpaka kunahitaji kibali. Wengi tukilisikia hilo tunafikiri kulilinda ni kutolikata. Haitoshi. Unaweza kuyaacha makangaga-miti yote yamesimama, yakazeeka yakimwaga mamilioni ya spora kila mwaka, na usipate mtoto hata mmoja, ikiwa udongo unaoyazunguka umekauka, umepandwa mikaratusi hadi majini, au unakanyagwa na ng'ombe wanaoshuka kunywa. Kijimmea chenye unene wa seli moja hakivumilii kwato, na hakivumilii wiki mbili za jua la moja kwa moja.

Silaumu chai. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa kilimo na misitu wa Afrika Mashariki walipima maji katika mabonde mawili jirani hapa Kericho: bonde la Lagan likaachwa na msitu wake, na sehemu ya bonde la Sambret ikafyekwa na kupandwa chai kwa uangalifu, yenye mifereji na matuta. Chai ilipokomaa na kufunika ardhi, matumizi yake ya maji hayakuupita msitu. Chai iliyopandwa vizuri haiui mto. Kinachouua ni kufyeka bila mpango, na hilo tumelifanya: mwaka 2001 serikali ilikata zaidi ya hekta 22,000 za Mau Kusini Magharibi zikagawiwa. Mito ya Nyangores na Amala inayokwenda kuwa Mara, na ile inayokwenda Sondu, yote inaanzia kwenye msitu huo na jirani zake. Kanuni za maji za nchi hii zinadai ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto usilimwe. Mkulima mwenye nusu ekari anaziona mita hizo kama mkate anaonyang'anywa, na namwelewa. Ombi langu kwake ni dogo: zile mita 6 za kwanza, aziache na kivuli chake, asizipande mkaratusi, asizikwangue kwa jembe kila wakati wa palizi.

Walimu na wazazi, nawaachia kazi ya mikono. Chukueni jani la kangaga lenye vidoa vilivyoanza kuwa vya kahawia, mliweke juu ya karatasi nyeupe, upande wa vidoa chini, mahali pasipo na upepo, mlale. Kesho yake inueni jani: vumbi limechora ramani yake kwenye karatasi. Kata chupa ya maji ya plastiki, tia udongo uliochemshwa na kupoa, nyunyiza vumbi hilo kidogo sana juu yake, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, weka penye kivuli. Usifukie. Baada ya wiki kadhaa uso wa udongo utakuwa wa kijani, kisha mioyo midogo itaonekana. Hapa ndipo wengi hushindwa. Wanaona udongo una unyevu wa kutosha, hawaongezi maji, na mioyo inakaa miezi mingi bila kuzaa kitu. Chukueni maji yaliyochemshwa yakapoa, myanyunyize kutoka juu mpaka kila kijimmea kilowe na maji yasimame chini yake kwa saa moja au mbili. Rudieni kila baada ya siku chache. Jani la kwanza likichomoza katikati ya moyo, toboeni nailoni tundu moja, wiki ijayo jingine, mpaka mche uzoee hewa ya nje, ndipo muuhamishie ukingoni.